Vyombo vya Kukodi Ngamiani: Duka Linalohesabu Vijiko Mbele Yako

Duka ninalolieleza hapa halina bango. Liko Ngamiani, mjini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na anayelitafuta huelekezwa aangalie ukuta ulioanikwa maturubai. Kazi yake ni kukodisha vyombo vya shughuli: sufuria kubwa za pilau, masinia, sahani, vijiko, majagi, hotipoti, majamvi, viti vya plastiki na maturubai yenyewe. Familia yetu ilikodi hapo kwa harusi ya mdogo wangu, kisha kwa hitima. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba vyombo vyake ni vya kiwango cha kawaida na bei zake hazipungui za wengine, lakini namna linavyotoa vyombo na kuvipokea ndiyo bora kuliko zote nilizoziona hapa mjini, na kwa mtu anayeandaa shughuli ya watu wengi jambo hilo lina uzito kuliko unene wa sufuria.

Huenda mtu akashangaa duka kupimwa kwa namna linavyopokea vyombo vyake badala ya ubora wa vyombo vyenyewe. Anayeshangaa hivyo, nadhani, ni yule ambaye kwao hapajawahi kuwa na sufuria ya shughuli. Nyumba yenye sufuria mbili tatu za aina hiyo hujulikana mtaa mzima, na inapofika Rajabu na Shaabani, harusi zinapofululiza kabla ya Ramadhani kuingia, hapapiti wiki bila mtu kubisha hodi akiomba kuazima. Kwetu sufuria hizo ziliachwa na bibi: nene, za kusubiwa na mafundi kutokana na alumini chakavu, zisizobonyea hata zikidondoshwa sakafuni. Hakuna aliyewahi kunyimwa. Kumnyima jirani chombo cha kupikia ni aibu kwa watu wa pwani, na wengi wetu tumefundishwa chuoni kwamba Sura ya al-Maun inawalaumu wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana, ambavyo wafasiri wengi wamevitolea mfano wa chungu, ndoo na shoka.

Kwa hiyo sufuria hutoka. Zikirudi, huwa ni vyombo vingine. Iliyotoka nyeupe hurudi nyeusi mpaka mdomoni, kwa sababu waliopika kwa kuni hawakuipaka udongo au majivu yaliyokorogwa kwa maji upande wa nje kabla ya kuiinjika, kazi ya dakika chache tu inayofanya masizi yatoke baadaye bila kusuguliwa sana. Ndani kuna ukoko uliokwanguliwa kwa kisu, ukoko ukaondoka na mikwaruzo ikabaki. Wakati mwingine mtu mwenye bidii isiyo na maarifa huloweka sufuria kwa magadi au kwa soda kali ili aulainishe ukoko huo, naye hajui kwamba alumini huliwa na vitu vya namna hiyo na kubaki na madoa meusi yasiyotoka kwa dodoki wala kwa limau. Mfuniko haupo, au upo wa sufuria ya nyumba nyingine. Masinia ndiyo huonewa zaidi: mpishi akikosa mfuniko unaotosha huligeuza sinia kuwa mfuniko wa pilau na kulipalia makaa juu yake, na kwa kuwa masinia mengi ni membamba, hurudi yakiwa yamepinda na kubabuka katikati, hayakai tena sawasawa mezani. Mwiko uliolazwa ndani ya maji usiku kucha hupasuka. Kuhusu vijiko sitasema mengi, kwani kila mwenye nyumba anajua kwamba vijiko vya shughuli havirudi kamwe kwa idadi ile ile, na vinavyopungua haviko kwa yeyote.

Hasara yenyewe inavumilika. Kisichovumilika ni kwamba hakuna wa kuulizwa. Aliyeazima ni mama wa bwana harusi, aliyepika ni mpishi wa kukodi, waliosafisha ni mabinti wa jirani, aliyeleta ni kijana wa mkokoteni, na katikati ya safari hiyo sufuria imekwisha kuazimwa mara ya pili na nyumba ya tatu ambayo mwenye sufuria haijui. Ukiuliza kwa upole unajibiwa kwa mshangao kwamba kwani sufuria si ya kupikia? Ukisisitiza unakuwa umeharibu harusi. Watu huweka alama, wengine kwa rangi ya mafuta pembeni, wengine kwa kupiga herufi za jina kwa ncha ya msumari kwenye kitako, lakini alama humsaidia mwenye mali kuijua mali yake tu. Haimwambii ni nani aliyeitoboa.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa pwani tungepaswa kulikumbuka kuliko watu wengine. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, aliyeazima kitu bila malipo anakidhamini: kikipotea au kuharibika mkononi mwake analipa, hata kama hakuzembea, isipokuwa kimechakaa kutokana na matumizi aliyoruhusiwa. Aliyekodi kwa fedha hana dhamana hiyo, yeye hulipa akizembea au akivuka mipaka ya matumizi. Katika mwaka wa 8 Hijria, kabla ya vita vya Hunayn, Mtume aliazima deraya kutoka kwa Safwan bin Umayya, mkubwa wa Makka ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu, na Safwan alipouliza kama zinachukuliwa kwa nguvu, alijibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Riwaya moja inaeleza kwamba baadhi ya deraya hizo zilipotea na Mtume akataka kuzilipa, Safwan mwenyewe ndiye aliyekataa malipo. Sisi tumeigeuza hukumu hiyo juu chini. Tukikodi tunasimama kwa heshima mbele ya mwenye duka na kutoa fedha ya kila kijiko kilichopotea, lakini tukiazima bure tunaona kwamba ubure wenyewe umetuondolea deni. Wahenga walikwisha kusema kukopa harusi, kulipa matanga.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama ambavyo mtu wa busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe, na inamtwisha fidia anayeitumia kinyume cha masharti aliyopewa. Sinia lililopewa mtu kwa ajili ya kupakulia na likageuzwa kuwa mfuniko wa makaa ni mfano mzuri kabisa, ingawa sitarajii kumwona mtu akimpeleka shangazi yake kwenye baraza la kata kwa ajili ya sinia.

Sasa nirudi dukani. Siku ya kuchukua vyombo, hakuna kinachopanda kwenye kirikuu kabla ya kuandikwa. Kijana wa duka hutandika jamvi, huvipanga vyombo kwa aina, na kuhesabu kwa sauti huku mteja akifuata kwa macho. Kila sufuria ina namba iliyopigwa kwenye mkono wake na namba hiyo hiyo iko kwenye mfuniko, na katika kaunta buku kuna mstari wa kila namba: ilivyo leo, ina bonyeo wapi, mkono upi umelegea, kitako kimeungua kiasi gani. Mteja hupewa nakala ya kaboni na pande zote mbili hutia saini. Pembeni mwa ukurasa kuna orodha ya fidia iliyochapwa, inayoonyesha mfuniko ukipotea ni kiasi gani, sinia likibabuka ni kiasi gani, jamvi likimwagikiwa mafuta ni kiasi gani. Orodha hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko vyote, kwa sababu bei ya kosa inajulikana kabla kosa halijatendeka, na mtu hawezi kuona kwamba amepandishiwa bei kwa hasira.

Siku ya kurudisha, kazi hiyo hiyo hufanywa upya, na mteja hushauriwa asiondoke mpaka imalizike. Inachukua muda. Kwa shughuli yetu ya harusi ilimaliza sehemu kubwa ya asubuhi, watu wakiwa wamechoka na usingizi wa mkesha machoni, na niliwasikia baadhi ya ndugu wakinung'unika kwamba tunahesabiwa vijiko kama wezi. Sikubaliani nao. Katika kurudisha vyombo vya hitima, kijana aliyepokea alisimamisha hesabu kwenye sinia moja lililobabuka upande mmoja na kudai fidia. Mwenye duka akafungua kaunta buku, akatafuta namba, na mstari ukasomeka kwamba sinia lilikuwa hivyo tangu lilipotoka. Hatukulipa senti. Ingekuwa ni sinia la jirani, tungebaki na neno lake dhidi ya neno letu, na pengine tungelipa ili kulinda udugu au tungekataa na udugu ukafa. Daftari lile lilimlinda mteja sawasawa na lilivyomlinda mwenye mali, na sijaona duka jingine hapa mjini ambako hilo lingewezekana, kwa kuwa mengine huandika idadi tu.

Kuhusu vyombo vyenyewe, sufuria ni nzuri. Nyingi ni za kusubu, nene, zenye kitako kinachosambaza moto vizuri kiasi kwamba pilau haishiki upande mmoja, na zilitufikia zikiwa zimeoshwa, ingawa nje hazing'ai. Sahani ni za melamini na hapo nina lawama. Zaidi ya robo ya tulizopewa zilikuwa na umanjano wa bizari uliokwisha kukaa, na zilikuwa na mikwaruzo ya stiliwaya ambayo ndiyo inayoingiza rangi ndani. Duka linasema zimeoshwa, nami naamini zimeoshwa, lakini mgeni anayepewa sahani ya manjano hawezi kulijua hilo. Tiba yake ni rahisi na haina gharama: rangi ya manjano hufifia ikianikwa juani, na Tanga haijapungukiwa jua. Duka linaloweza kuanika maturubai barabarani linaweza kuanika na sahani.

Maturubai yalikuwa makavu na hayakunuka uvundo, dalili kwamba hayakunjwi yakiwa na maji ya mvua, kosa ambalo huyajaza kuvu kwa muda mfupi sana katika hewa yetu ya unyevu. Majamvi yalikuwa safi. Viti sivipendekezi. Viti vya plastiki vilivyokaa juani miaka mingi hukakamaa na kupasuka miguuni bila kutoa dalili, na hapa vingi vimefikia umri huo. Kimoja kilivunjika na mzee wetu juu yake, naye hakuumia kwa sababu jamvi lilikuwa chini. Duka halikututoza kiti hicho, lakini nisingetaka kuona ajali hiyo ikirudiwa, na kwa viti ni heri mtu aende kwingine.

Bei wakati tulipokodi ilikuwa shilingi 500 kwa kiti na shilingi 200 kwa sahani kwa siku moja. Sufuria hutozwa kwa ukubwa. Kuna maduka ya bei nafuu zaidi mtaa wa pili tu. Juu ya kodi kuna pesa ya dhamana, ambayo hurudishwa baada ya hesabu ya marejesho, na hapa ndipo duka linapojiharibia sifa. Fidia hukokotolewa siku ile ile, lakini dhamana hurudishwa kwa simu "kesho," na kesho hiyo hujirefusha hadi mteja apige simu mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Tulilipwa kamili mara zote. Hata hivyo duka linalotaka mteja arudishe kijiko kwa wakati lilipaswa lenyewe liwe la kwanza kurudisha kilicho cha mteja kwa wakati, na mimi nimemweleza mwenye duka hivyo ana kwa ana. La kumsifu ni kwamba hashiki kitambulisho cha mtu. Hunakili namba ya NIDA na kumrudishia mwenyewe kadi yake papo hapo, tofauti na maduka ambayo hukaa na kadi mpaka shughuli iishe.

Jambo jingine lisilo wazi ni ada ya usafi. Orodha iliyochapwa inataja kiasi kimoja tu kwa "chombo kichafu," na sufuria yenye masizi ya kuni, ambayo ni matokeo ya kawaida ya kupikia kuni, inawekwa fungu moja na sufuria iliyoachwa na ukoko wa siku mbili ndani, ambao ni uzembe. Tulipopinga, mwenye duka alipunguza, lakini haki isiyoandikwa hutegemea ulimi wa mteja, na si kila mteja ana ulimi. Anayepikia kuni afanye kama wanavyofanya wapishi wa zamani, apake udongo nje ya sufuria, au aulize ada hiyo kabla ya kutia saini. Aulize pia habari ya mifuniko. Duka hutoa mfuniko mmoja kwa kila sufuria na halina ya ziada, na mpishi akitaka kupalia makaa juu ya pilau, ni bora aagizwe bati kuukuu kutoka nyumbani kuliko kuachiwa aamue mwenyewe saa nane usiku, sinia likiwa karibu na mkono wake.

Wapo watakaosema kwamba kikundi cha akina mama kinatosha. Ni kweli kwamba vikundi vingi vya kuweka na kukopa na vya kuzikana, hapa Tanga na kwingineko, vimenunua sufuria, viti na turubai vyao kwa michango, na mwanachama huvitumia bure au kwa fedha kidogo kwa sharti la kulipa kinachopungua. Kikundi cha namna hiyo chenye mtunza vyombo mkali ni bora kuliko duka lolote, kwa sababu faini hubaki ndani. Ugumu ni kumpata mtunza vyombo mkali, kwa kuwa naye ni shangazi wa mtu, na anayevunja sahani ni mpwa wake.

Nyumbani kwetu mambo yamebadilika tangu tulifahamu duka hili. Sufuria za bibi hazitoki tena kwa shughuli za nje. Anayekuja kuomba, mama humweleza ziliko za kukodi, na kama hali yake ni ngumu humchangia sehemu ya kodi kutoka mfukoni mwake. Nilidhani majirani wangeona ni kunyimwa. Wengi wamelipokea kwa wepesi kuliko nilivyotegemea, labda kwa kuwa wao pia walikuwa wakirudisha sufuria kwetu kwa moyo mzito, wasijue waseme nini kuhusu mfuniko uliopotea.

Kwa misiba duka lina utaratibu wake. Halidai dhamana, na kirikuu hutumwa hata usiku, lakini hesabu haiondolewi, kwa hiyo wafiwa wamteue mapema mtu mmoja asiye wa karibu sana na marehemu ili atie saini na asimamie marejesho baada ya hitima ya siku ya tatu. Ijumaa duka hufungwa tangu kabla ya adhuhuri hadi baada ya alasiri, na vyombo vinavyofika wakati huo huhesabiwa kuwa vimerudi siku inayofuata, pamoja na kodi yake.